Kuchagua Darubini ya Kutazamia Sayari: Mwongozo Kamili kwa Anayeishi Karibu na Ikweta

Boksi la darubini ya bei rahisi, lile linalouzwa pamoja na vifaa vya watoto, huwa limeandikwa kwa herufi kubwa: "Inakuza mara 525". Namba hiyo haikubuniwa. Darubini ina urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi ya mbele hadi mwanga unapokusanyika) wa milimita 700, na ndani ya boksi mna lenzi ya jicho, ile unayochungulia, ya milimita 4 pamoja na lenzi ya Barlow, ya kuzidisha ukuzaji, ya mara 3. Gawa 700 kwa 4 upate 175, zidisha kwa 3 upate 525. Hesabu ni sahihi, ila ukiielekeza kwa Zohali kwa ukuzaji huo utaona ukungu unaotikisika na si zaidi. Lenzi ya mbele ya darubini hiyo ina kipenyo cha milimita 60, na kipenyo hicho hakiwezi kubeba zaidi ya mara 120.

Anayetaka kuziona sayari kwa ukaribu hanunui ukuzaji. Ananunua kipenyo, stendi isiyotikisika na lenzi mbili nzuri za jicho, kwa mpangilio huo. Na sisi tunaoishi kati ya Kampala na Mtwara tuna jambo la nne ambalo miongozo mingi ya Ulaya na Marekani hailigusi: kwetu sayari hupita karibu na utosi. Hiyo ni neema, lakini inabadilisha aina ya stendi ya kununua, kama utakavyoona hatua ya 4.

Hatua ya 1: Jua unakwenda kuona nini

Ukubwa wa sayari angani hupimwa kwa sekunde za pembe. Nyuzi moja ina dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60. Mwezi mpevu una takriban sekunde 1,800. Mshtarii huwa kati ya 30 na 50, kutegemea umbali wake nasi. Tufe la Zohali hufika 20 tu, ingawa pete zake hukaribia 45. Zuhura hutoka 10 hadi zaidi ya 60, na inapokuwa kubwa ndipo inapokuwa hilali nyembamba. Mirihi ndiyo msumbufu: miezi mingi hubaki sekunde 4 au 5, halafu kila baada ya takriban miezi 26 hukaribia na kupanda hadi kati ya 14 na 25. Uranusi haifiki 4 na Neptuni ni 2 na kidogo. Hizo mbili zitafute kwa raha ya kuzipata, usitarajie kuona alama yoyote juu yake.

Piga hesabu ndogo. Mshtarii ya sekunde 45 ukiikuza mara 40 inakuwa na upana uleule wa Mwezi unaouona kwa macho matupu. Mara 40 tu! Anayechungulia darubini kwa mara ya kwanza hukataa kabisa, kwa sababu ndani ya lile duara jeusi hana kitu cha kulinganishia. Ukiwa na mara 150 una zaidi ya mara tatu ya upana huo, na hapo kuna mengi ya kutazama kama picha ni kali.

Wakati wa kununua nao una maana. Sayari huwa kubwa na huonekana usiku kucha Dunia inapopita katikati yake na Jua. Kwa Zohali hilo litatokea tarehe 4 Oktoba 2026. Kwa Mshtarii ni Februari 2027. Kwa Mirihi ni Februari hiyohiyo, ingawa itafika sekunde 14 hivi tu. Mirihi ya kujivunia ni ya Septemba 2035. Pete za Zohali zilitugeuzia ukingo Machi 2025 zikawa kama zimefutika, na tangu hapo zinaendelea kufunguka mwaka hadi mwaka mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2030. Anayeanza sasa ameanza vizuri.

Hatua ya 2: Weka kipenyo mbele ya vyote

Kipenyo ni upana wa lenzi ya mbele au wa kioo kikuu. Ndicho kinachoamua ni mwanga kiasi gani utaingia, na kama vitu viwili vilivyokaribiana vitaonekana viwili au kimoja. Kanuni nyepesi ni kwamba ukuzaji wenye faida hauzidi mara mbili ya kipenyo kwa milimita: 70 hubeba 140, 130 hubeba 260, 200 hubeba 400. Hiyo ni dari. Usiku mwingi hewa haikuruhusu kuvuka 200 au 250, hata darubini iwe ya bei mbaya kiasi gani.

Kwa milimita 70 utaona miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona Januari 1610 kwa darubini yake iliyokuza mara 20 hivi, mistari miwili mikuu ya mawingu, Zuhura ikibadilika umbo kama Mwezi, na pete za Zohali zikiwa pete kweli (Galileo mwenyewe alidhani ni masikio). Kwa 130 unaanza kuupata Ufa wa Cassini, ule mstari mweusi unaozigawa pete, na Doa Jekundu la Mshtarii likiwa upande wetu. Usipoliona doa saa mbili usiku usikate tamaa, sayari ile hujizungusha kwa muda usiofika saa 10, na saa sita huenda likawa limeshafika. Kwa 150 hadi 200 mambo hunoga: kivuli cha mwezi wa Mshtarii kinapita juu ya mawingu kama nukta nyeusi, mistari inaonekana ina mikunjo, na Mirihi inapokaribia huonyesha barafu ya ncha yake na lile eneo jeusi liitwalo Syrtis Major.

Zaidi ya 200 gharama na uzito hupanda haraka kuliko unachoongezewa. Mimi ningeishia hapo.

Hatua ya 3: Chagua aina kwa kuangalia unakoishi

Darubini ya lenzi haina matunzo mengi, na bomba lake limefungwa. Kwa fedha kidogo chukua ndefu: 70/700 au 70/900 (namba ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni urefu wa fokasi). Fupi kama 70/400 na 80/400 huizungushia Mshtarii rangi ya zambarau, kwa sababu lenzi hazikusanyi rangi zote mahali pamoja. Hizo ni nzuri kwa ndege na mandhari.

Darubini ya kioo ya muundo wa Newton ndiyo inayokupa kipenyo kikubwa kwa bei ndogo, hasa ikikalia stendi ya Dobson. John Dobson alikuwa mtawa San Francisco aliyetengeneza darubini kwa vifaa vya kuokoteza, na kioo kikuu chake cha kwanza alikitengeneza kwa kioo cha dirisha la meli. Stendi yake ni kasha la mbao linalozunguka kwenye sahani, basi. Vipimo vya kawaida ni 130/650 ya kuweka juu ya meza, 150/1200 na 200/1200. Hiyo ya mwisho ina karibu kilo 25 pamoja na stendi. Kama unakaa ghorofa ya tatu isiyo na lifti, jiulize mara mbili.

Maksutov, muundo wa mwaka 1941 wa Mrusi Dmitri Maksutov, huukunja mwanga ndani ya bomba fupi. Ya 102/1300 au 127/1500 inaingia kwenye begi la mgongoni, na fokasi yake ndefu hukupa ukuzaji mkubwa bila kuhangaika na lenzi za milimita 4. Kasoro zake ni mbili. Bomba lililofungwa huchelewa kupoa, na kioo cha mbele hupata umande upesi, hasa Pwani. Kipande cha mkeka wa sponji ukikizungusha mbele ya bomba huuchelewesha umande kwa saa nyingi.

Kuna mtego mmoja wa kuuepuka. Darubini za kioo kama 127/1000 au 114/1000 zinazouzwa zikiwa na bomba la nusu mita tu zina lenzi ndogo iliyofichwa ndani ya sehemu ya kufokasia ili kurefusha fokasi. Mara nyingi lenzi hiyo ni duni, na inafanya kazi ya kupanga vioo kuwa adhabu. Dawa ni kulipima bomba kwa macho: katika darubini ya Newton linapaswa kukaribiana na urefu wa fokasi ulioandikwa.

Uamuzi wangu ni huu. Mwenye uwanja na mahali pa kuweka kitu kikubwa achukue Dobson ya 150/1200. Kwa sayari sijui kitu kinachoizidi kwa bei yake. Anayeishi kwenye fleti yenye kibaraza achukue Maksutov ya 127. Mwenye bajeti ya kati achukue 130/650 na kigoda imara cha kuiwekea. Mwenye kidogo kabisa achukue 70/900, na fedha atakazobakiza anunulie lenzi moja nzuri ya jicho.

Hatua ya 4: Stendi, na kisa cha utosi

Kwanza neema yenyewe. Ukiwa Nairobi, hakuna sayari inayopita kilele cha njia yake chini ya nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Mwanga wa kitu kilicho nyuzi 30 juu ya upeo hupita katika hewa maradufu ya ule wa kitu kilicho utosini. Mirihi ilipokaribia sana Julai 2018, mtu wa London aliiona ikiwa nyuzi 13 tu juu ya mapaa, na wa Dar es Salaam aliiona ikiwa zaidi ya nyuzi 70. (Mwaka ule dhoruba ya vumbi iliifunika Mirihi nzima, kwa hiyo wote wawili waliambulia mpira wa rangi ya chungwa.)

Sasa shida. Darubini nyingi huuzwa na stendi ya kiikweta, yenye mhimili unaopaswa kuelekezwa kwenye ncha ya anga (pale ambapo nyota huonekana kuzunguka) na kuinuliwa kwa nyuzi sawa na latitudo yako. Kwa Madrid ni nyuzi 40. Kwa Dar es Salaam ni karibu 7, kwa Nairobi ni 1, kwa Kampala haifiki hata 1. Stendi nyingi za bei nafuu hazikuundwa kushuka hadi huko. Uzani wa kusawazisha hugonga mguu wa stendi kabla hujafika. Nyota ya Kaskazini, ambayo wenzetu wa kaskazini huitumia kulenga, kwa Dar es Salaam iko chini ya upeo. Jina lake lisikuchanganye: stendi ya kiikweta haiwafai watu wa ikweta. Nunua ya juu-chini na kulia-kushoto, ambayo Dobson ni mojawapo.

Hata hiyo ina pahali inapokwama, nako ni utosini hasa. Dobson iliyoelekezwa wima haina nguvu ya kuzungushwa kulia na kushoto, na bomba refu la lenzi hugonga miguu ya stendi. Suluhisho ni la saa: itazame sayari saa moja au mbili kabla haijafika utosini, au baada ya kupita, ikiwa nyuzi 50 hadi 75. Na kama ni darubini ya lenzi au Maksutov, hakikisha ina kioo cha pembeni (kile kinachogeuza mwanga kuelekea lenzi ya jicho) cha nyuzi 90. Kile cha nyuzi 45 kinachowekwa kwenye vifurushi vya bei rahisi ni cha kutazamia mlima; ukikielekeza juu ya kichwa utaamka na shingo ya kukandwa.

Jaribio la stendi ni rahisi. Weka ukuzaji wa mara 100, lenga kitu cha mbali, gonga bomba kwa kidole. Mtikisiko ukitulia ndani ya sekunde moja au mbili, ni nzuri. Ukiendelea kwa sekunde tano, kila utakapogusa kitasa cha kufokasia utaipoteza picha. Stendi ya miguu mitatu huimarika ukiifupisha miguu na kutundika chupa ya maji ya lita tano katikati.

Kioo kizuri unaweza kukitengenezea stendi hapahapa. Fundi seremala mwenye plaiwudi ya milimita 18 anaitengeneza stendi ya Dobson bila shida, akiona picha tu. Sehemu zinazosuguana ziwe teflon (plastiki inayoteleza) juu ya fomaika. Bomba litembee kwa msukumo wa kidole na lisimame unapoliacha.

Je, ya kompyuta inayojitafutia nyota? Kwa sayari huihitaji, nyingi zinaonekana kwa macho. Faida yake ni kuifuata sayari. Anga husogea sekunde 15 za pembe kila sekunde ya saa; kwa mara 200, na lenzi ya jicho yenye uwanja (upana wa duara unaloliona) wa nyuzi 50, sayari huvuka duara lote kwa takriban dakika moja. Mtu mmoja huzoea kusukuma. Ukiwa na watoto kumi kwenye foleni, utaitamani injini.

Hatua ya 5: Lenzi za jicho

Ukuzaji ni urefu wa fokasi wa darubini ukigawa kwa ule wa lenzi ya jicho. Kwa 150/1200, lenzi ya milimita 25 hutoa mara 48, ya 10 hutoa 120, ya 8 hutoa 150, ya 6 hutoa 200.

Darubini nyingi huja na ya 25 na ya 10. Ya 25 huwa inatosha, ibakishe kwa kutafutia. Ya 10 ndiyo ya kubadilisha kwanza. Unahitaji mbili: moja ya kukupa mara 120 hadi 150, utakayoitumia karibu kila usiku, na nyingine ya kama mara 200 kwa usiku hewa inapotulia. Kwa 130/650 mbili hizo zinapatikana kwa lenzi ya milimita 9 au 10 na ya 6, zikisaidiwa na Barlow ya mara 2. Kwa Maksutov ya 127/1500 ni ya 12 na ya 8.

Barlow huzidisha kila lenzi uliyonayo, lakini usinunue vinavyorudiana. Mwenye 25, 10 na Barlow ya mara 2 tayari ana 12.5 na 5. Akiongeza ya 12 ametupa fedha.

Kuhusu muundo, Plössl ni nzuri na nafuu kuanzia milimita 10 kwenda juu. Chini ya hapo hukulazimisha kulibandika jicho kwenye kioo, maana nafasi ya jicho (umbali wa jicho kutoka kwenye kioo) ni kama asilimia 70 ya fokasi yake. Ya milimita 6 inakupa milimita 4 tu, na kope zinaigusa. Kwa fokasi fupi tafuta zile za uwanja wa nyuzi 66, za milimita 6 na 9, ambazo kampuni ya SVBony na nyingine huziuza kwa bei ya kawaida. Anayevaa miwani kwa sababu ya kuona mbali au karibu tu anaweza kuivua na kurekebisha fokasi. Mwenye astigmatizimu atafute lenzi yenye nafasi ya jicho ya milimita 15 au zaidi.

Kabla hujalipa, pima shingo ya kuingizia lenzi. Inayotumika duniani kote ni inchi 1.25, yaani milimita 31.7. Ukikuta milimita 24.5, iache dukani, kwani hutapata lenzi nzuri ya kuiwekea.

Hatua ya 6: Vya kuacha

Seti za vichujio vya rangi zinaweza kusubiri. Kichujio cha rangi ya chungwa husaidia kidogo kwa Mirihi na cha buluu kidogo kwa Mshtarii. Kichujio cha Jua kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho kitupe siku hiyohiyo, na ukivunje kabisa ili asije mtu akakiokota: hukaa pale joto linapokusanyika, kinaweza kupasuka na kumpofusha mtu. Kichujio salama cha Jua hufunika mdomo wa mbele wa darubini.

Hatua ya 7: Kununua na kuleta

Kabla ya kutoa fedha, chungulia ya mwenzako. Kenya kuna The Travelling Telescope, ambao huzungusha darubini mashuleni na kwa umma. Dakika kumi za kuitazama Zohali kwa kipenyo kinachojulikana zitakufundisha kuliko video yoyote.

Ukiagiza nje, hesabu kodi mapema. VAT ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, nayo hutozwa juu ya bei ikiwa imejumlishwa na nauli na ushuru, si bei ya dukani peke yake. Dobson kubwa huumiza kwa nauli. Wakati mwingine ni nafuu kuagiza bomba pekee na stendi ukamwachia fundi. Maksutov huja kwenye begi la ndugu anayerudi nyumbani.

Kwenye mitumba, mulika kioo kwa tochi. Vumbi na mkwaruzo mmoja mdogo havidhuru. Madoa yanayotanda kama mizizi ni kuvu, na kioo chenye utando wa alumini kilichoanza kuwa na mawimbi ya kijivu kimeliwa na chumvi. Shusha bei sana au ondoka.

Hatua ya 8: Usiku wa kwanza

Kwa darubini ya kioo, panga vioo kabla ya kulaumu kitu. Lenga nyota angavu kwa ukuzaji mkubwa, ivuruge fokasi kidogo. Duara zinazotokea ziwe na kitovu kimoja. Zikiegemea upande, zungusha skrubu za kioo kikuu kidogo kidogo huku ukiirudisha nyota katikati. Darubini nyingi zinazosemwa ni mbovu hupona hapa.

Toa darubini nje nusu saa kabla, ipoe. Epuka kutazama juu ya paa la bati au lami iliyopigwa na jua mchana kutwa, kwa sababu joto hupanda hadi usiku na sayari inakuwa kama shilingi iliyozama kwenye mto. Nyasi ni bora kuliko saruji. Taa za mji hazina shida kwa sayari, kwa hiyo Kariakoo au Eastleigh panafaa kama kijijini. Anza na ukuzaji mdogo, panda taratibu, na picha ikianza kulegea rudi hatua moja. Kisha kaa. Hewa hutulia kwa sekunde moja moja, na katika sekunde hizo ndipo mistari hujichora. Mtu anayechungulia kwa sekunde tano na kuondoka hajaona kitu.

Simu na kamera

Kishikizo cha simu kinatosha kuanzia. Piga video, si picha, na ushushe mwanga hadi sayari isiwe doa jeupe. Programu za bure za AutoStakkert! na RegiStax huchagua fremu kali na kuziunganisha kuwa moja. Kamera maalumu ya sayari isubiri mpaka stendi yako iwe na injini.

Kutunza

Pwani adui ni unyevu. Usifunge darubini yenye umande ndani ya begi. Iache ikauke kwanza ndani ya nyumba, mdomo ukiwa umeinama, ndipo uifunike. Lenzi za jicho zikae kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, pamoja na vipakiti vya silika, na vipakiti hivyo uvikaushe kila baada ya wiki chache. Kioo kikuu usikifute kwa kitambaa kamwe. Kikichafuka kweli, huenda baada ya mwaka au miwili, kitoe, kimwagie maji safi, kisha tone la sabuni ya vyombo, kisuuze kwa maji yaliyokenekwa (distilled water) na ukisimamishe kikauke chenyewe.